Sampuli ya Kufumua

Watu wengi waliokwenda Guangzhou miaka ile walifuata mali, na Mbarak naye alifuata mali. Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa na maduka Kariakoo, aliagiza jinzi kutoka Xintang na fulana kutoka Shahe, na kila bosi wa Kichina aliyewahi kubishana naye bei alimkumbuka. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao dawa yake haikuuzwa katika soko lolote la mji ule. Alimpenda mpiga drams. Nasema kupenda kwelikweli, kwa namna ambayo mtu mzima mwenye mke, watoto na mvi za ndevuni angepaswa kuionea haya, na yeye hakuona haya hata chembe.

Mpiga drams huyo aliitwa Erastus Shekiondo. Miaka ya sabini alikuwa na bendi moja ya roki ya Dar es Salaam iliyoitwa Radi Saba, na kama hujawahi kuisikia usijilaumu, maana haikuishi muda mrefu wala haikuacha santuri hata moja. Vijana wa zama hizo, wenye suruali za bugaluu zilizofagia barabara na viatu vya raizoni, walikwenda kuisikiliza Jumapili mchana kwenye dansi walizoziita bugi. Mbarak alikuwa mwanafunzi. Baba yake, muuza vitambaa asiyejua mzaha, aliamini kwamba kijana yuko kwa rafiki yake anadurusu. Kumbe kijana yuko kando ya jukwaa, upande wa drams, hawatazami waimbaji wala magitaa, macho yamemganda kwenye mikono ya Erastus.

Drams zile alizijua kuliko alivyowajua ndugu zake. Besi na tomu zilikuwa rangi ya damu ya mzee. Toazi lilikuwa moja tu, tena lenye ufa, na mwisho wa ufa Erastus alikuwa ametoboa kitundu ili usiendelee kutambaa. Katikati ya magoti ilikaa snea, ile ngoma fupi yenye nyaya chini ambayo ndiyo huipa roki kofi lake. Snea ya kiwandani ilipopasuka, nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuagizia sabuni, seuze ngoma, basi seremala mmoja akaunga nyingine kwa vipande vya mninga. Mlio wake ulikuwa mkavu, mzito, wa kuuma kidogo sikioni, na Mbarak hakupata kusikia mwingine kama huo hata alipokuja kununua kanda za bendi za Ulaya na Marekani.

Na jinsi jamaa alivyopiga! Fimbo ya mkono wa kushoto aliigeuza, akapiga kwa upande mnene. Hakupenda madoido ya kuzunguka ngoma zote kuwafurahisha wasichana. Alikaa juu, mgongo wima, na pigo lake la snea lilikuja nyuma kidogo ya pale ulipolitarajia, likakufanya uinamie mbele kulifuata. Wahenga walisema chelewachelewa utamkuta mwana si wako. Erastus alichelewa kila Jumapili na mwana akamkuta wake yuleyule. Mbarak alinasa bugi moja kwa redio kaseti ya mjomba wake. Kanda hiyo, yenye kelele za watu na mtu mmoja anayekohoa mwanzo hadi mwisho, ndiyo aliyoibeba mpaka China, akaihamishia kwenye CD, akawachosha nayo Waswahili wote wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika wa Guangzhou.

Aliyechoshwa kuliko wote alikuwa Mwanakhamis, mfanyabiashara wa Unguja aliyekuwa akishirikiana naye kontena. Mama huyo alikuwa na ulimi mkali na mkono mkunjufu. Aliwaambia watu mbele ya Mbarak kwamba mke wa bwana huyu kule Dar ana mke mwenza wa mbao, na kwamba siku Mbarak akifa watu wasihangaike na machozi, wagonge tu debe. Mbarak alicheka pamoja nao. Walipomaliza kucheka aliirudisha CD mwanzo, akawaomba wasikilize vizuri pigo linavyochelewa.

Mwaka 2006, aliporudi nyumbani kwa Idi, alisikia kwa mstaafu mmoja wa reli kwamba Erastus yu hai, anaishi Tanga, anatengeneza redio na feni barazani kwake. Mbarak hakungoja hata sikukuu iishe. Alimkuta mzee mrefu, mkimya, miwani yake imefungwa waya kwenye bawaba. Siku hiyo Mbarak alizungumza mpaka sauti ikamkauka. Alimtajia Erastus dansi ambazo Erastus mwenyewe alikwisha kuzisahau, akamwonyesha kwa vidole juu ya meza jinsi alivyolikawiza pigo katika wimbo huu na jinsi alivyoliwahisha katika ule, na mzee akamsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za jirani.

Zile drams ziliuzwa miaka ya themanini, moja moja, zikaliwa zikaisha. Iliyobaki ilikuwa snea ya mninga peke yake, mvunguni mwa kitanda, imefungwa kwenye kanga. Mbarak aliipakata kama mtoto mchanga, na kwa hilo mimi simcheki. Palepale akatoa ahadi. Alisema atamtengenezea kaka Erastus seti nzima kama ilivyokuwa, rangi ileile na vipimo vilevile, huko Guangzhou, na gharama zote juu yake. Ila mafundi watahitaji snea hii ili walinganishe mbao na mlio. Mzee aliifuta vumbi kwa kiganja. Kisha akaifunga tena kwenye kanga yake, akamkabidhi kwa mikono miwili, akamwomba aitunze.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mbarak hakulisema. Alitaka snea ya pili, pacha wa ile, iwe yake mwenyewe. Alitaka kuiweka sebuleni Kariakoo aiguse kila akitoka dukani. Halikuwa jambo kubwa, na ni shabiki gani asiyetamani kitu cha namna hiyo? Lakini alilificha, akajiambia kwamba mzee hana haja ya kujua, na tangu hapo ikawa anamtengenezea Erastus kwa mkono mmoja na kujitengenezea mwenyewe kwa mkono wa pili.

Nyuma ya barabara iendayo uwanja wa ndege wa Baiyun palikuwa na karakana ya ngoma za bendi za shule. Bosi wake aliitwa Liang, mtu mwembamba, mpole, aliyesema Kiingereza cha sokoni na kuonyesha bei kwenye kikokotoo. Mbarak alimtesa. Rangi ya damu ya mzee ilirudiwa na kurudiwa mpaka vijana wa kupaka wakawa wanaguna wakimwona anaingia getini. Toazi alilileta zuri, jipya, kisha akaomba lipasuliwe ufa na mwisho wa ufa litobolewe kitundu, na Liang akamtazama usoni kuhakikisha kama huyu mteja ana akili timamu. Hata hivyo alilitoboa, maana mteja ni mteja.

Besi na tomu zilitoka nzuri ajabu. Tatizo likawa snea. Nakala ya kwanza ilipendeza kwa macho, mbao zake nyekundu zimeng'arishwa, lakini Mbarak mwenyewe hakuwa na mikono ya kupiga. Mikono yake ilijua kupekua mishono ya suruali tu. Akamwita Séverin, mnunuzi wa jinzi kutoka Lubumbashi aliyepiga drams kanisani kwao kila Jumapili kwenye ukumbi wa kukodi. Séverin aliipiga ya zamani, akaipiga mpya, akarudi kwenye ya zamani akakaa nayo muda mrefu kuliko alivyoombwa.

"Vieux, hii mpya iko bien," akasema mwishoni kwa Kiswahili chake cha Kifaransa, yaani ni nzuri. "Lakini ile ya mzee iko na kitu ndani. Hii haina."

Neno hilo lilimwingia Mbarak. Kesho yake alirudi kwa Liang na snea zote mbili, akazipanga juu ya meza, akamweleza kwa maneno na kwa mikono kwamba nakala hii haifai. Liang aliigonga ile ya mninga kwa kidole, akainama kuchungulia kwenye kitundu cha kupumulia, asione kitu ila giza.

"Yangpin?" akauliza. Ni neno la sampuli, ambalo kila mgeni wa masoko yale hulijua kabla hajajua kuagiza wali.

"Yangpin," akajibu Mbarak. "Same same. Nje same same, ndani same same."

"Ndani pia?"

"Ndani ndiko muhimu zaidi."

"Mei wenti," akasema Liang, yaani hakuna tatizo, akaichukua.

Hapa sharti nieleze desturi moja, maana asiyejua maana haambiwi maana. Anayeagiza jinzi Xintang hupeleka sampuli mbili. Ya kwanza ni sampuli ya kufumua. Hiyo mafundi huifumua mshono baada ya mshono, wakavilaza vipande vyake juu ya karatasi na kukata ramani ya suruali zote zitakazofuata. Hairudi, wala hakuna anayeiulizia. Ya pili ni ya kufungia, pacha wake, ambayo hutiwa mfukoni, mfuko ukabandikwa gundi na kutiwa saini, na mnunuzi akakaa nayo ili siku ya kupokea mzigo alinganishe. Mtu akileta moja tu na kuiita sampuli, amekwisha kukubali ifumuliwe. Mbarak ndiye aliyewafundisha wageni wengi desturi hii. Aliwahi hata kumcheka mama mmoja wa Dar aliyelia kwa ajili ya gauni lake la harusi alilolipeleka likaigwe, akamwambia Guangzhou si mahali pa kuleta kitu unachokipenda.

Basi kwa nini yeye mwenyewe alisema vile? Nimejiuliza sana, na jibu langu ni kwamba kinywa kilichozoea kazi husema kazi. Tena akilini mwake nguo ndiyo hufumuliwa. Ngoma ni ngoma. Na tamaa ilimharakisha. Alikuwa anaiwaza ile snea yake ya sebuleni, na mtu anayewaza chake hasikilizi anachoulizwa.

Alirudi karakana mwisho wa wiki. Liang alimpokea kwa uso wa furaha, akamvuta mkono mpaka meza ya nyuma. Snea ya Erastus ilikuwa pale. Walikuwa wameikata kwa msumeno mapande manne, na pande moja wamelikata tena vipande vyembamba vya kupima unene. Kingo zilikuwa zimeandikwa namba kwa penseli. Kimoja kilikuwa kimelowekwa kwenye beseni la maji, na kingine kimerandwa mpaka kikabaki kama ubao wa rula. Liang alieleza kwa bidii. Kumbe ndani fundi wa zamani hakuikwangua ikawa laini, aliacha alama za patasi, na mbao hazikulingana unene, huku nene kule nyembamba. Ndiyo maana mlio uko vile. Sasa wamejua kila kitu, na nakala ya pili ipo tayari, tazama, ndani nje same same.

Mbarak alivuta kiti akaketi. Alikiokota kile kipande kilichorandwa, akakinusa, akakirudisha mezani taratibu. Alitaka kumshika mtu koo, akatafuta wa kumshika, asimpate. Liang alikuwa amefanya alivyoambiwa, tena kwa ustadi. Yeye Mbarak ndiye aliyesema sampuli, ndiye aliyesema ndani, na hakuna mtu katika mji ule mzima aliyeyajua maneno hayo vizuri kumshinda yeye. Liang alipofahamu kwamba kitu kimeharibika alijitolea kuviunganisha vipande kwa gundi. Mbarak akatikisa kichwa. Mbao zilizoliwa na msumeno na randa zilikuwa vumbi sakafuni, na vumbi lilikwisha kufagiwa.

Alivikusanya vilivyobaki, akavifunga katika ile kanga, akaondoka navyo.

Jambo hili hakuweza kulibeba peke yake, akamweleza Mwanakhamis, wakiwa ghalani wanapanga marobota. Alitegemea utani, na pengine aliutaka, kwa sababu utani ungelipunguza jambo. Mwanakhamis hakutania. Aliweka kalamu chini, akamuuliza kama mwenyewe ameshaambiwa.

"Bado," akasema Mbarak. "Nikimwambia nitamuua, dada. Yule ni mtu mzima."

"Hafi yule, kashafiwa na wengi kabla hajakujua weye. Mpigie leo, mwombe radhi, alie, umlilie. Yatapita."

"Hunielewi."

"Nnakuelewa sana," akasema Mwanakhamis. "Huogopi kumuua. Waogopa asikupende."

Mbarak aliona hasira imempanda mpaka masikioni, na alikasirika hivyo kwa sababu alikuwa ameambiwa kweli. Tangu Tanga alikuwa akijiona si shabiki tena bali mtu wa karibu, mtu ambaye Erastus humbipu Jumapili kumuuliza hali ya baridi ya huko na kama amekula. Fikiri! Yule aliyekuwa juu ya jukwaa, leo anamuuliza kama amekula. Alikuwa radhi apoteze kontena zima baharini kuliko kupoteza simu ile.

Kwa hiyo akafanya alichokifanya, nami nitakisema waziwazi kisije kikapambwa. Aliichukua ile nakala ya pili, iliyokuwa nzuri kweli, yenye alama za patasi ndani na mbao zisizolingana, akaipeleka Xintang kwa watu wanaochakaza jinzi. Hawa ndio hukaa siku nzima wakisugua suruali mpya kwa msasa mapajani na magotini zionekane zimevaliwa miaka. Aliwaambia waichakaze ngoma, akakaa nao kwenye kigoda, akawaongoza. Hapa, chini ya skrubu ya tatu, weka doa la sigara. Hapa pana mkwaruzo mrefu, ulitokana na lori safari ya Morogoro. Hapa rangi imefifia kwa sababu goti lake la kushoto liliegemea. Kila alama aliijua kwa moyo, hakukosea hata moja. Mapenzi yake yote ya miaka yalimfaa siku ile kuliko siku nyingine yoyote, na kwa yakini hakuna mghushi mwingine duniani aliyeweza kuifanya kazi ile.

Ilipokamilika aliitazama, akaogopa. Kwa dakika chache moyo ulimdanganya kwamba ni yenyewe, imerudi. Kisha akaipiga kofi la kiganja. Ilitoa mlio mzuri. Mbarak akajiambia ni uleule, akajiambia tena, na mara ya tatu akaacha kujiambia.

Seti iliingia kontena la pamoja: besi, tomu, toazi lenye ufa, kigoda kirefu, na snea mbili, moja mpya inayong'aa ya akiba, na ile nyingine iliyozungushiwa kanga mpya aliyoinunua papo hapo Xiaobei, maana ya zamani ilikuwa imefunga vipande chumbani kwake. Ile sebule ya Kariakoo hakuikumbuka tena. Mwanakhamis alikuwapo wakati wa kupakia. Alivitazama vifurushi vile, akamtazama Mbarak, akawaambia wapakiaji wamwekee marobota yake upande wa pili, mbali na vitu vya bwana huyu. Mbarak alijifanya hakusikia.

Mzigo ulifika Dar salama, ukapelekwa Tanga kwa lori. Mbarak alikuwa Shahe, katikati ya marobota ya fulana na watu wanaopiga kelele za bei, Erastus alipombipu. Alitoka mpaka ngazini, akapata kipembe chenye nafuu kidogo, akampigia.

Mzee alikuwa na furaha. Alishukuru kwa utaratibu, kitu kimoja kimoja, kama watu wa zamani wanavyoshukuru. Rangi ni ileile, alisema, na lile toazi limemchekesha mpaka akatoa machozi. Watu wa mtaani walikuja kutazama. Amewapa vijana wa kwaya waitumie seti yote, kwa sababu yeye magoti hayampi tena ruhusa ya kukaa kwenye kigoda, na kusema kweli hamu ya kupiga ilikwisha siku nyingi. Alipokea tu, akasema, asije akakataa zawadi ya mtu aliyetoka mbali hivyo. Mbarak alijiona kama ameachwa na basi. Katika mipango yake yote hakuwahi kumuuliza mzee kama anazitaka.

"Na snea zote mbili nimezipata," akasema Erastus. "Wachina ni mafundi. Ile waliyoichakaza, hata mimi kwanza nilidhani ndiyo yangu."

Mchukuzi mmoja alipita na robota begani, akamsukuma Mbarak ukutani.

"Nikaigonga mara moja, nikajua siyo. Wamekuchanganyia, mdogo wangu. Yangu wamebaki nayo hukohuko kiwandani, wakakupa hii ukadhani ndiyo yenyewe. Wala usijilaumu. Wewe si mpiga drams, ungejuaje?"

Huyu ndiye Mbarak aliyejigamba Xiaobei nzima kwamba angeitambua ngoma ile kati ya elfu akiwa amefumba macho. Aliambiwa asijilaumu, akaambiwa kwa upole, na upole ule ulimkata kuliko tusi.

"Watakuwa wamechanganya, kaka," akasema. Alimsingizia Liang hivyohivyo, Liang ambaye hakuwa ametenda kosa lolote isipokuwa kutii.

"Basi waulize vizuri. Unajua, ile si yangu hasa. Ni ya mdogo wangu, Mikaeli. Ndiye aliyeitengeneza."

Mbarak alijua unene wa fimbo za Erastus. Alijua toazi lilinunuliwa wapi na liliingiaje ufa. Alijua wimbo gani ulipigwa Jumapili gani na nani alikosea wapi. Jina la seremala hakuwa amewahi kuliuliza.

"Zilikuwa mbao za kitanda chake," Erastus akaendelea. "Alikuwa anajiandaa kuoa, mimi nikamsumbua kwamba bendi haina snea, Jumapili inakuja. Akakivunja kitanda akaniungia ngoma. Akasema kitanda atatengeneza kingine. Hakutengeneza, homa ilimchukua mwaka uleule. Mtoto hakuacha, wala picha hatuna. Kazi ya mikono yake iliyobaki ni hiyo. Nilikupa kwa sababu sijawahi kuona mtu aliyeipenda kazi ya Mikaeli kama ulivyoipenda wewe. Sasa yangu utaniletea lini?"

Kweli ilimfika Mbarak mpaka kwenye meno. Ilikuwa palepale, maneno machache tu, na mwanamume wa upande wa pili alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba anajua kusamehe. Angalisema pale, pengine wangalilia wote wawili kama alivyobashiri Mwanakhamis, na yakapita.

Lakini kuna jibu ambalo kila mfanyabiashara wa Guangzhou analo tayari mdomoni, la kumpa mteja ambaye mzigo wake umepotea, au umeoza, au umeuzwa kwa mwingine. Ni jibu jepesi na lina adabu. Mteja hulipokea, hukata simu, hungoja. Mbarak alikuwa amewapa wateja wengi jibu hilo bila kupepesa jicho, na sasa lilimtoka lenyewe.

"Ipo, kaka Erastus," akasema. "Inakuja na kontena lijalo."

Mzee alimshukuru, akamwombea heri katika kazi zake. Kisha akauliza kontena hilo litafika mwezi gani, kwa sababu dada yao anaishi Songea, na angependa kumtumia nauli mapema aje aione.

Mbarak akamtajia mwezi.